Kazi ya Fundi ni Kupunguza

Anayetaka kumpima fundi wa mitambo ya sauti asimpimie kwenye taarabu ya kisasa, ambako kinanda cha umeme na spika kubwa hufunika makosa mengi. Ampimie kwenye kikundi kidogo cha taarabu asilia ya Unguja: udi, ganuni, fidla, dumbak na mwimbaji. Ganuni ina nyuzi 70 na ushei, lakini mlio wake ni mwembamba na hufifia upesi. Kofi moja la dumbak linatosha kuumeza. Anayefunga vyombo hapo hushawishika kuongeza: maiki zaidi, sauti zaidi, mwangwi zaidi. Fundi hasa huonekana kwa anachokipunguza.

Tumbo la udi liko wazi ndani ili liitikie nyuzi, na kwa sababu hiyohiyo huitikia pia mtikisiko wa spika. Sauti ikitoka kwenye spika, ikarudi kwenye maiki, ikatoka kubwa zaidi, mzunguko huo huzaa mluzi unaowazibisha watu masikio. Asiyejua hukimbilia swichi; ajuaye husogeza maiki. Umbali kati ya maiki na udi ukipunguzwa nusu, sauti inayoingia hupanda kwa desibeli 6 hivi, na hakuna kilichoguswa kwenye meza ya mitambo. Lakini maiki zilizo wazi zikiongezeka maradufu, nafasi ya kupandisha sauti kabla ya mluzi hupungua kwa desibeli 3 hivi. Ndiyo maana katika ukumbi mdogo dumbak huachwa bila maiki, spika kubwa hutangulizwa mbele ya wapigaji, na mngurumo wa chini ya hezi 100 hukatwa kwenye maiki ya mwimbaji wa kike: huko chini hamna neno, mna pumzi na vishindo vya miguu tu.

Wapo watakaosema chema chajiuza, na kwamba taarabu ilipendwa sebuleni kabla ya mitambo. Ni kweli, lakini sebuleni msikilizaji alikaa hatua chache tu kutoka kwa mwimbaji. Ua wa Ngome Kongwe ya Unguja, taarabu inapopigwa nje, hauna paa la kuirudisha sauti. Hata bidhaa njema sharti iwekwe mnunuzi aionapo. Wengine huuita mwangwi wa mashine udanganyifu. Uani, chembe yake hurejesha kuta zilizokosekana. Ndani ya kuta za mawe, ambazo zina mwangwi wake, chembe hiyohiyo huvuruga vina. Kipimo basi ni shairi: kina kisiposikika, mwangwi umezidi. Na kuhusu vifaa vinavyozima mluzi vyenyewe, vinasaidia, ila vinaweza kuudhania mluzi hata mvuto mrefu wa fidla, vikaukata. Sikio hutofautisha kilio cha mtambo na kilio cha wimbo.

Ushahidi wa mwisho hutolewa na hadhira. Katika taarabu mtu huinuka kutunza pale ubeti unapomgusa, pengine kwa neno moja lililolenga jambo lake. Akienda mbele na noti yake, hageuki kuitazama meza ya mitambo. Lakini asingeinuka kama neno lile lisingemfikia, na lilimfikia kwa sababu kuna aliyeondoa kila kilichosimama njiani.