Kusimamisha Meli

Sisi wa Bwaise, hapa Kampala, tunayajua maji kwa shari yake. Mvua ikinyesha mtaro hufurika, maji huingia majumbani, kisha hushika njia ya kinamasi cha Lubigi kuelekea kaskazini. Hata Ziwa Victoria hayafiki. Huku hakuna gati wala meli. Labda ndiyo sababu majirani zangu wengi hudhani ufundi wa nahodha ni kushika usukani na kujua njia. Mimi naona ufundi wake mkubwa ni kusimama.

Dereva wa teksi kwenye barabara ya Bombo akiona abiria hukanyaga breki. Tairi hushika lami, gari limetulia. Meli haina cha kushika. Inasukumwa na rafadha inayotupa maji nyuma, na rafadha hiyohiyo ndiyo itakayoizuia. Hata kuondoka kunataka subira: rafadha ikizungushwa kwa pupa hutibua maji na kutikisa tezi, yaani sehemu ya nyuma, na chombo kikabaki kizito vilevile. Mwendo ukishapanda, maji nayo hukaza. Kuongeza kasi maradufu hudai nguvu ya injini karibu mara nane, na mafuta huisha kwa hesabu hiyo.

Kurudisha nyuma ni kazi nyingine. Injini nyingi kubwa za dizeli zimeunganishwa na rafadha moja kwa moja, bila gia. Nahodha akitaka nyuma, fundi mitambo huizima injini, kisha huiwasha upya izunguke kinyume, kwa hewa iliyoshindiliwa kwenye mitungi. Kila kuwasha kunakula hewa. Kanuni za ujenzi wa meli hutaka mitungi hiyo iwe na hewa ya kuwasha injini ya namna hii mara 12 bila kujazwa, kwa hiyo nahodha anayebadili amri ovyo anamtesa mwenzake wa chini na kuhatarisha wote.

Lakini uzuri wenyewe uko gatini. Gati likiwa bado mbali, injini hupunguzwa, kwa kuwa mwendo ukishuka nusu, nishati iliyobaki chomboni ni robo tu. Meli yenye rafadha moja inayozungukia kulia, ikirudishwa nyuma, tezi yake huvutwa kushoto. Mgeni wa kazi hupambana na mvuto huo. Bingwa huutumia: hulielekea gati kwa ubavu wa kushoto, omo, yaani sehemu ya mbele, ikielekezwa kidogo upande wa gati, kisha huamuru nyuma, na tezi hujisogeza yenyewe hadi meli ikalala sambamba na gati. Hakuna kishindo. Kamba zinatupwa kana kwamba chombo kilikuwa pale tangu asubuhi. Kwangu mimi huo ni ustadi wa kuheshimiwa kama wa seremala au mpiga kinanda.

Siku ukisafiri Ziwa Victoria na feri ya MV Kalangala kutoka Nakiwogo hadi Lutoboka, usikimbilie mlangoni. Simama pembeni uangalie maji. Rafadha ikigeuzwa, povu jeupe hutoka tezini na kutambaa kando ya ubavu kuelekea mbele. Manahodha hulisoma: likifika katikati ya chombo, meli imesimama majini.

Kupunguza mwendo mapema ndiko kunakookoa watu. Mei 2005 MV Kaawa na MV Kabalega, meli ndugu za Uganda za kubeba mabehewa, ziligongana ziwani na Kabalega ikazama. Na meli haisimami upesi: kipimo cha kimataifa kinaruhusu meli iliyo katika mwendo wake wa majaribio, ikiamriwa nyuma kwa nguvu zote, isafiri hadi mara 15 ya urefu wake kabla ya kusimama. Meli ya mita 100 inaweza basi kuhitaji kilomita moja na nusu. Ndugu zangu wenye mitumbwi, msikatize mbele ya meli mkitumaini nahodha amewaona. Anaweza kuwa amewaona vizuri kabisa, na bado asiweze kusimama.