Vyombo Bubu vya Makumbusho

Ndege ndogo ya mfano iitwayo Guff, iliyoundwa katika miaka ya 1930 na ndugu pacha Walter na William Good wa Kalamazoo, Marekani, na kuongozwa kwa redio, imehifadhiwa na makumbusho ya Smithsonian. Kuihifadhi ni jambo la kusifiwa. Ila vyombo vya aina hii havijielezi vyenyewe.

Tutazame mitambo ya redio ya miaka ya 1950. Mara nyingi mrushaji alikuwa na kitufe kimoja tu. Akikibonyeza, mpira uliosokotwa ndani ya ndege ulijifungua hatua moja, usukani wa mkia ukaelekea kulia. Akikiachia, ukarudi katikati. Akikibonyeza tena, ukaelekea kushoto. Ilimpasa akumbuke zamu, la sivyo ndege iligeukia asikotaka. Hiyo ndiyo sarufi ya chombo.

Kasha la kioo linaloonyesha kitufe, likataja jina na mwaka basi, ni sawa na mwalimu agawaye msamiati huku akificha sarufi. Mpira ule nao uonyeshwe, na mwendo wake uelezwe. Kwani ufundi wa warushaji wale ulikuwa katika vidole na kumbukumbu, si katika bati la kisanduku.