Ukomo wa Hedhi: Uhakiki wa Istilahi za Afya ya Mwanamke wa Makamo

Katika zahanati za wilaya za Mbulu na Hanang', mkoani Manyara, Kiswahili ndiyo lugha ya mganga na ya karatasi zake, lakini si lugha ya kwanza ya kila mwanamke aketiye kwenye benchi. Wairaqw wana lugha yao ya asili ya Kikushi, Wadatooga wana yao ya Kinilo. Kwa hiyo istilahi ya afya ifikapo huko haitoshi iwe sahihi kitabuni. Yapasa isikike sawasawa na mama aliyejifunza lugha hii mnadani au katika darasa la kisomo. Kwa kipimo hicho, istilahi zetu za mwanamke aliyepita miaka arobaini na mitano zina kasoro nzito.

Tuanze na jina la kipindi chenyewe. Daktari Mfaransa, de Gardanne, ndiye aliyelipa jambo hili jina la kitaalamu, nalo likapata umbo lake la sasa mwaka 1821, kwa kuunga maneno ya Kigiriki ya mwezi na kikomo. Sisi tumefuata njia iyo hiyo, tukapata "ukomohedhi" na, katika maandishi mengine, "ukomahedhi". Umbo hili la pili lafaa kuachwa kabisa. Mwenye kulisikia kwa mara ya kwanza husikia "ukoma", na ukoma ni maradhi ambayo watu wa nchi hii wameyaogopa kwa vizazi. Hata kitenzi "koma" chenyewe kina makali yake: anayesema "nimekoma" amekwisha adhibiwa. Mimi nachagua "ukomo wa hedhi", maneno mawili wazi. Nayo yatumike kwa maana yake kamili tu, yaani miezi kumi na miwili mfululizo pasipo hedhi. Miaka inayotangulia, ambayo hedhi huja ikiruka na mwili hupandwa na joto la ghafla usiku, ihitaji jina lake. "Kipindi cha kuelekea ukomo" chatosha.

Upungufu mkubwa zaidi uko penye hamu na raha. Mwanamume ana "nguvu za kiume", msemo uliobandikwa kwenye kuta za kila mji. Zikimpungua, kila mtu ajua ni jambo la kutibiwa. Hakuna asemaye "nguvu za kike" kwa maana hiyo. Mwanamke huambiwa ni "baridi", na neno hilo ni lawama, halionyeshi dalili yoyote. Naye akijieleza mwenyewe kwa kusema "sina hamu", aweza kufahamika kuwa hali chakula, au kwamba amechoshwa na mambo na hataki kuyasikia tena. Tungependelea "hamu ya kujamiiana", isemwe kwa ukamilifu. Wako watakaoliona neno hilo kavu, lakini neno kavu la kitaalamu halimtukani mtu.

"Tendo la ndoa" nalo lina heshima, ila limefunga mlango. Mjane wa miaka hamsini ajibu nini aulizwapo juu ya tendo la ndoa? Atasema halimhusu, na maumivu yake yatabaki naye. Tena isidhaniwe kwamba mwanamke wa huko hana desturi ya kusema mambo ya mwili wake. Miongoni mwa Wabarabaig wa Hanang', mwanazuoni George Klima alieleza katika miaka ya 1960 juu ya baraza la wanawake lenye uwezo wa kumtoza faini ya ng'ombe mwanamume aliyewakosea katika haki zao za kike. Watu wenye baraza la namna hiyo hawakosi maneno, na waunda istilahi wangefanya vyema kuwauliza.

Neno "kuridhika" lataka uangalifu wa pekee, kwa kuwa ndilo linaloenea katika vijitabu vya ushauri. Mzizi wake ni mmoja na wa "ridhaa" na "kuridhia". Mwanamke aliyeridhia amekubali; aliyeridhika amepata alichotaka. Tofauti hiyo imeshikiliwa na konsonanti moja tu, na kwa msemaji wa lugha ya pili hupotea upesi. Mganga akiuliza, "Unaridhika?", mama aweza kujibu "ndiyo", akiwa na maana kwamba humkubalia mumewe. Aulizwe kama anapata raha.

Kuhusu hali ya uke wenyewe, wataalamu wa nje wametupa funzo. Mwaka 2014 walikubaliana kuliacha jina la zamani lililomaanisha kunyauka, wakachagua jina linalotaja dalili za uke na za njia ya mkojo pamoja, kwani homoni ya estrojeni ipunguapo, zote mbili huathirika: ukavu, maumivu, haja ya mkojo ya mara kwa mara. Nasi tuna waandishi wanaosema uke "umenyauka", kana kwamba ni mahindi ya kiangazi! "Ukavu wa uke" ni bora, maana ukavu hutibika kwa vilainishi au kwa krimu ya estrojeni.

Liko jambo la mwisho, nalo ni la Manyara hasa. "Tohara" ni neno la Kiarabu lenye maana ya usafi, na kulitumia kwa wanawake ni kuusifu mkato wenyewe. "Ukeketaji", kutoka "keketa", kukata kwa kisu butu, limechukua nafasi yake kwa haki. Uchunguzi wa kitaifa wa 2015-16 ulikuta asilimia 58 ya wanawake wa mkoa huu wamekeketwa. Lakini uchunguzi huo huwahoji wenye miaka 15 hadi 49. Aliyevuka hapo, mwenye kovu la utotoni ambalo sasa limekutana na ukavu wa ukomo wa hedhi, hamo katika hesabu, wala hatuna istilahi ya maumivu yake ya kujamiiana isipokuwa maelezo marefu. Napendekeza "maumivu ya kovu" yawe istilahi kamili, iingizwe katika orodha ijayo kando ya "ukavu wa uke", na ijaribiwe kwanza Haydom na Katesh, mbele ya akina mama wenyewe, kabla ya kupigwa chapa.