Mangú ya Asubuhi, Concón ya Mchana

Rafael Trujillo alipouawa kwa risasi mwaka 1961, baada ya kuitawala Jamhuri ya Dominika kwa mkono wa chuma tangu 1930, pasipoti zilizokuwa adimu zikaanza kupatikana. Wadominika wengi walielekea New York, na Washington Heights, kaskazini mwa Manhattan, pakawa kwao. Ukishuka treni mtaa wa 181 na kushika barabara ya St. Nicholas, utasikia Kihispania zaidi kuliko Kiingereza. Migahawa ni tele, na kwenye madirisha mengi kuku wa kuchoma wanazunguka. Ni watamu, sikatai, ila nusu ya kazi imefanywa na mashine.

Mimi humpima mpishi kwa mangú. Ni ndizi mzuzu mbichi, zikachemshwa kwa maji ya chumvi, zikapondwa na siagi au mafuta, basi. Chakula cha viungo vichache namna hiyo hakina pa kufichia uzembe. Ndizi ikianza kugeuka njano, inaleta utamu usiotakiwa. Ikiepuliwa kabla haijaiva hadi moyoni, mabonge hayaishi hata uponde vipi. Na lazima ipondwe ingali moto, maana ikipoa hukaza. Hapo mpishi huongeza maji kidogo kidogo: wengine yale yaliyochemshia ndizi, wengine maji baridi kabisa, wakiapa kwamba ndiyo huifanya ibaki laini mezani. Anaponda, anatazama, anaongeza tena. Kipimo cha kikombe hakimsaidii, kwa sababu ndizi za leo hazinywi maji sawa na za jana.

Juu yake huja vitunguu vyekundu vilivyokatwa pete, vikapitishwa kwenye mafuta na siki, vikalainika bila kupoteza ukali wote. Pembeni kuna jibini ya kukaanga, mayai na salami; sinia hilo huitwa los tres golpes. (Salami hiyo kwa kawaida ina nguruwe, kwa hiyo asiyekula aseme mapema.) Agiza asubuhi. Mangú iliyoshinda kwenye meza ya mvuke hadi saa sita mchana si ya kumhukumia mtu.

Mchana ni zamu ya wali, na hasa concón, yaani ukoko. Waliogombania ukoko utotoni hawahitaji kuelezwa utamu wake. Kinachostahili kutazamwa ni kwamba jikoni kwa Wadominika hautokei kwa bahati. Sufuria ni caldero, nzito, ya aluminiamu. Mafuta hutiwa bila uchoyo, yanafuata maji, chumvi na mchele. Maji yakikauka, moto unashushwa, sufuria inafunikwa, na mpishi anageuza wali wa juu huku akiuacha wa chini ushike. Haoni kinachoendelea huko chini. Anategemea pua na sikio: harufu ya wali uliokaangika ikitangulia ile ya kuungua, na mafuta yakilia polepole. Akikawia kidogo, anatoa makaa. Akiwahi, anatoa wali ulioganda tu.

Ukoko ukitoka vizuri, hubanduliwa kwa kijiko katika vipande vipana vya rangi ya dhahabu, ukamwagiwa mchuzi wa maharage. Mara nyingi hauandikwi kwenye orodha ya vyakula. Ulizia kaunta, kwa jina lake, sufuria inapokaribia kwisha, na ukiambiwa subiri, subiri.