Kumngoja Mungu Uhamishoni: Imani na Subira katika Vitabu Viwili vya Nyeri

Wahakiki wa fasihi iliyotokana na vita vya Mau Mau wamezoea kuitazama imani ya dini kwa jicho la shaka. Kwa wengi wao, mtu anayemngoja Mungu wakati wa dhiki ni mtu aliyekwisha kuacha kupigana. Mfano ulio karibu ni Njoroge katika riwaya ya Ngugi wa Thiong'o, Weep Not, Child (1964). Kijana huyu anaitumainia elimu na anamtumainia Mungu. Anamliwaza Mwihaki kwa ahadi ya kesho iliyo njema. Na kesho hiyo isipofika, anatafuta kamba ajinyonge. Hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshi kuhukumia maandishi yote ya eneo la Mlima Kenya. Makala haya yanachunguza vitabu viwili vya waandishi wa Nyeri walioipitia dhiki hiyo wenyewe. Ndani yake kumngoja Mungu ni kazi. Kosa la Njoroge, likitazamwa kwa kipimo hicho, si kungoja bali ni kungoja mikono mitupu.

Lugha yenyewe inadai uangalifu. Ingawa katika mazungumzo ya kila siku kungoja na kusubiri hubadilishana nafasi, subira, neno lenye asili ya Kiarabu, limebeba maana ya kustahimili. Methali husema kwamba subira yavuta heri. Haisemi kwamba heri huja yenyewe. Husema inavutwa, na anayevuta hutumia nguvu. Kikuyu nacho kina gweterera, yaani kungoja, na kwĩhoka, yaani kutumaini. Mtu anaweza kufanya la kwanza bila la pili. Swali la mhakiki ni jinsi mambo hayo mawili yanavyoungana katika maisha ya mhusika.

Kitabu cha kwanza ni Mau Mau from Within (1966), kilichotungwa na Donald L. Barnett pamoja na Karari Njama. Njama alikuwa mwalimu wa shule kutoka Nyeri, akaingia msitu wa Nyandarua mwaka 1953 na kuwa mwandishi katika uongozi wa Dedan Kimathi. Katika masimulizi yake wapiganaji wanasali wakiielekea Kirinyaga, makao ya Ngai. Lakini msituni mlikuwamo pia waaguzi waliotabiri yatakayotokea, na viongozi wengine walizifuata bishara zao katika kupanga safari na mashambulizi. Njama hafichi mashaka yake juu ya waaguzi hao. Mtu yule yule anayesali ndiye anayeshikilia kwamba hesabu za watu na silaha ziandikwe, na mikutano iwe na kumbukumbu. Kwake sala haichukui nafasi ya daftari. Anayetaka bishara anataka kuondolewa mzigo wa kungoja. Anayesali kisha akaandika anakubali kuubeba.

Kitabu cha pili ni Mwandĩki wa Mau Mau Ithamĩrio-inĩ (1983) cha Gakaara wa Wanjaũ, kilichoshirikiana na kitabu cha Njabulo Ndebele wa Afrika Kusini kupata Tuzo ya Noma ya mwaka 1984. Gakaara alikuwa mwana wa mchungaji wa Kipresbiteri wa Tumutumu, na baadaye aliendesha uchapaji wake mjini Karatina. Kabla ya Hali ya Hatari alikuwa ameandika kijitabu chenye jina la Kiswahili, Roho ya Kiume na Bidii kwa Mwafrika, na mwaka 1952 alitoa kanuni ya imani ya Gĩkũyũ na Mũmbi, iliyofuata umbo la Imani ya Mitume. Alikamatwa Oktoba mwaka huo, akazungushwa kambini, pamoja na Takwa katika kisiwa cha Manda karibu na Lamu, hadi mwishoni mwa miaka ya hamsini.

Jina la kitabu halitaji gereza. Ithamĩrio ni mahali mtu alikohamishiwa, na msomaji aliyelelewa na Biblia hakosi kuwakumbuka Waisraeli kule Babeli. Umbo la shajara nalo lina maana yake. Mfungwa aliyehukumiwa huhesabu siku kwa kupunguza. Anajua zimebaki ngapi. Aliyewekwa kizuizini bila kushtakiwa hana cha kupunguza. Anaweza kuhesabu kwa kuongeza tu, siku juu ya siku. Kwa mtu kama huyo, kuandika tarehe ya leo ni kukiri kwamba iko siku ambayo maandishi hayo yatasomwa. Hapo ndipo kungoja na kutumaini vinapokutana, hata pale ambapo Mungu hatajwi.

Ugumu wa suala hili usifunikwe. Watawala nao walihubiri subira. Kambini lugha ya kanisa, ya dhambi na kuungama, ilitumiwa kuwavunja watu viapo, na huko Athi River Gakaara mwenyewe aliandika tamthilia iliyochezwa katika mpango wa kuwarekebisha mahabusu. Je, huo ulikuwa mwisho wa subira yake, au mbinu ya kuishi? Shajara iliyochapishwa miaka 31 baada ya mwandishi kukamatwa, wakati hadhi ya Mau Mau ilikuwa imebadilika, haiwezi kuwa shahidi wa pekee katika kesi hiyo, na mhakiki anapaswa kuisoma pamoja na tamthilia hiyo. Hata hivyo, mgongano huu wenyewe unathibitisha kwamba imani haikuwa mali ya upande mmoja. Maneno yale yale yaligombaniwa na aliyeshika funguo na aliyefungiwa.

Kwa hiyo haifai mhakiki akutane na jina la Mungu katika maandishi haya kisha aandike pembeni neno kasumba na kufungua ukurasa mwingine. Inampasa aulize ni nani anayemwambia nani asubiri, na anayesubiri anafanya nini wakati huo. Mtawala aliyewahubiria mahabusu subira alitaka wanyamaze. Gakaara alisubiri akiandika, na Njama alisali akaweka hesabu. Njoroge hakuwa na daftari.