Jina Lililoahidiwa: Mnara wa Wapagazi na Kumbukumbu ya Vita kwa Mtazamo wa Kibirichia

1.0 Utangulizi

Wahakiki wa fasihi ya vita wamezoea kushughulikia tenzi na riwaya, na kuwaachia wanahistoria maandishi ya minara. Makala hii inakusudia kuusoma mnara wa askari uliozinduliwa Nairobi mwaka 1928 kama matini ya fasihi, kisha kuulinganisha na riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Afterlives (2020). Tunausoma tukiwa tumesimama Kibirichia, kwenye miteremko ya kaskazini ya Mlima Kenya, katika nchi ya Wameru. Swali letu ni moja: je, ni nani aliyeachiwa kazi ya kuyakumbuka majina ya waliokufa, naye alipewa nini cha kumsaidia?

2.0 Safari yenyewe

Waingereza waliweka boma Meru mwaka 1908. Haikutimia hata miaka 10, na mwaka 1917 vijana wa wilaya hiyo, pamoja na wa wilaya nyingine za Kenya, walikuwa wakikusanywa kwa nguvu ili wawe wapagazi wa jeshi. Walipelekwa pwani kwa gari la moshi, wakavushwa kwa meli hadi bandari kama Kilwa na Lindi, kisha wakaingia bara kwa miguu wakilifuata jeshi la Wajerumani la Lettow-Vorbeck, ambalo lilivuka mto Ruvuma mwezi Novemba 1917. Watu waliozoea baridi ya mlimani waliingizwa katika nchi ya malaria, wakala unga wa mahindi usioiva vizuri, wakalala mvuani. Wengi hawakuuawa kwa risasi, bali kwa malaria, kuhara damu na nimonia. Inakadiriwa kwamba wapagazi waliotoka Kenya pekee na kufa walizidi 40,000.

3.0 Mnara kama matini

Mnara wa Nairobi una sanamu za shaba, na mpagazi ni mmoja wao. Maandishi yake, ambayo yalitungwa na Rudyard Kipling, yamewekwa kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Ni haki tukiri kwamba hilo halikuwa jambo dogo: Kiswahili kilipewa nafasi kwenye jiwe la dola, na mchukuzi wa mzigo akasimamishwa pamoja na mshika bunduki.

Hata hivyo, tukiyachunguza maandishi hayo tunakuta mambo matatu. Kwanza, sitiari yake kuu inawafanya wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi. Ni sitiari ya sifa, lakini ni ya viungo tu: miguu haina jina, wala mkono hausemi. Pili, maandishi yanataja nchi ambayo marehemu waliitumikia kana kwamba umiliki wake haukuwa na ubishi. Kwa Mmeru aliyeona boma likijengwa mwaka 1908, nchi iliyopiganiwa Ruvuma ilikuwa ya nani? Tatu, na hapa ndipo penye uzito, maandishi yanaanza kwa kuwataja wafu katika nafsi ya tatu, kisha yanageukia nafsi ya pili na kutumia sharti: ukiipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Sharti hilo haliwezi kuwa linaelekezwa kwa maiti, maana wao wamekwisha kupigana. Hadhira yake ni kijana aliye hai, atakayehitajika katika vita vijavyo. Kumbukumbu imegeuka wito.

Aidha, ahadi ya jina imetolewa kwenye mnara usiokuwa na jina hata moja la marehemu. Wana wamepewa wajibu bila kupewa orodha. Mtu wa Kibirichia anayemtafuta babu wa babu yake atasoma maandishi hayo katika lugha tatu asimwone katika lugha yoyote.

4.0 Jina kama mzigo

Gurnah analikabili tatizo hilo kwa njia nyingine. Katika riwaya yake, Ilyas anajiunga na jeshi la Wajerumani, naye harudi. Dada yake, Afiya, anampa mwanawe jina la mjomba huyo. Desturi hiyo haitakuwa ngeni kwa msomaji wa Meru, ambako jina la mzee hupewa mtoto na jina la rika hurudi baada ya vizazi. Jamii zisizokuwa na minara zimeyahifadhi majina ndani ya watu.

Lakini mwandishi hatupi faraja rahisi. Mtoto Ilyas anasumbuliwa na sauti; jina limemfikia bila kisa chake. Ni mpaka anapokua na kufika Ujerumani, akapekua nyaraka huko, ndipo anapoujua mwisho wa mjomba wake. Kwa hiyo desturi inahifadhi jina, nyaraka zinahifadhi kisa, na vyote viwili vimetenganishwa na bahari. Jina Kariokor la Nairobi, na Kariakoo la Dar es Salaam, yana hali hiyo hiyo: yametokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, hutajwa sokoni kila siku, na wengi wa wanaoyataja hawamkumbuki mpagazi.

5.0 Hitimisho

Mwezi Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Ungamo hilo linathibitisha usomaji wetu: ukimya wa mnara ulitokana na uamuzi, si na ukosefu wa nafasi kwenye jiwe.

Tunapendekeza, basi, kwamba wanafunzi wetu wa fasihi simulizi waanze kuuliza majina vijijini, Kibirichia ikiwemo, na kuyaandika pamoja na visa vyake. Waliosimuliwa na wapagazi wenyewe wamebaki wachache. Sharti lilitimizwa na wafu zaidi ya miaka 100 iliyopita. Upande wa pili wa ahadi bado unadaiwa.