Bafu Dogo Hupimwa kwa Ndoo ya Maji

Nikiitwa kutazama bafu jipya hapa Tabora, kitu cha kwanza ninachoomba ni ndoo ya maji. Mwenye nyumba hudhani nataka kunawa. Mimi nataka kumwaga. Namwaga nusu ndoo karibu na mlango, nasogea kando, natazama maji yanashika njia gani. Yakienda moja kwa moja kwenye tundu, fundi anaijua kazi. Yakizungukazunguka na kujikusanya nyuma ya choo, bafu hilo limeshashindwa, hata likiwa na kioo chenye taa na koki zinazometameta.

Nasema bafu la futi tano kwa saba, au hata nne kwa sita, lile linalokatwa kwenye kona ya chumba ili chumba kiitwe "self" na kodi ipande. Choo, sinki na mtu anayeoga vyote vinagombea mahali pamoja, na kila anayeoga hulowesha sakafu nzima. Kwa hiyo mteremko ndio roho ya kazi: sentimita moja na nusu hadi mbili kwa kila mita. Ukipungua, maji yanalala. Ukizidi, unaoga huku umesimama mlimani.

Mteremko huo ndio unaoumbua marumaru kubwa. Watu wanazipenda zile za sentimita 60 kwa 60 kwa sababu maungio yake ni machache na chumba huonekana kipana. Ukutani sina ugomvi nazo. Sakafuni haziwezi kushuka kutoka pande nne kuelekea tundu moja. Fundi ama azikate pembe kwa pembe mfano wa bahasha, ama aiache sakafu tambarare na kukuombea heri. Za 30 kwa 30, au ndogo zaidi, hufuata mteremko bila shida, na maungio yake mengi huupa mguu uliolowa mahali pa kushika. Zile za kung'aa kama kioo waachie wenye sebule.

Sasa toa sarafu mfukoni. Gonga marumaru moja moja, hasa pembeni. Ikitoa sauti nzito, saruji imejaa chini yake. Ikilia kama debe tupu, fundi aliweka madonge matano akabandika juu yake, na siku ndoo ya lita 20 itakapoangukia hapo utauona ufa. Halafu tazama vipande vilivyokatwa. Ukanda wa upana wa vidole viwili kando ya mlango ni ushahidi kwamba mtu alianza kubandika kabla hajapima. Fundi wa kweli hupanga marumaru kavu kwanza, akaanza na zilizo nzima pale jicho linapoingia, na vipande akavificha nyuma ya choo. Akifanikiwa kukutanisha maungio ya ukuta na ya sakafu, mpe mkono. Urembo wa bafu dogo uko hapo, na hauuzwi dukani. Maungio yenyewe yajazwe rangi ya kijivu. Nyeupe, kwa vumbi letu la kiangazi, inageuka rangi ya chai kabla ya mvua za Novemba.

Choo kinaelekea wapi? Watu wa pwani waliopanda na misafara kutoka Bagamoyo hadi huku Unyanyembe walikuja na dini yao, na nyumba nyingi za mji huu bado zinajali kibla. Kwa Tabora kibla iko kaskazini, ikiegemea mashariki kidogo. Aliyekaa chooni asiielekee wala asiipe mgongo, kwa hiyo choo huwekwa kikitazama mashariki au magharibi. Fundi anayeuliza hilo kabla ya kulaza bomba ana akili. Asiyeuliza atakuja kuvunja sakafu kwa gharama yako.

Maji ya Ziwa Victoria yalizinduliwa hapa Januari 2021, lakini mji uliozoea kulitegemea bwawa la Igombe haujasahau kuweka akiba. Bafu lisilo na nafasi ya pipa na ndoo lilichorwa na mtu asiyeishi kwetu. Katika nyumba za kale za Lamu, birika la maji lilijengwa humohumo bafuni, na samaki wadogo wakafugwa ndani yake wale viluwiluwi vya mbu. Sisi pipa lenye mfuniko linatosha. Simtanki nalo linyanyuliwe hasa: likiwa mita moja tu juu ya bomba la mvua, utapata mate, si mvua.

Harufu ipime kwenye bafu la wageni, Septemba, baada ya wiki kadhaa bila mtu kuoga. Maji yanayokaa kwenye kona ya bomba chini ya sakafu ndiyo yanayozuia hewa ya karo. Yakikauka, hewa inapanda. Kopo moja la maji kila wiki linamaliza tatizo, na dirisha dogo la juu linasaidia.

Mlango ufunguke kwa nje. Niliwahi kulala katika nyumba moja ya wageni ambako nililazimika kupanda juu ya choo ndipo mlango ufungike. Uwe wa mninga, tulionao: hauvimbi ovyo ukipata unyevu. Ila inama upitishe kidole kwenye ukingo wa chini. Mafundi wengi hupaka vanishi panapoonekana tu, na mlango huanza kuoza pale pasipopakwa.

Bafu nililolipima mwisho lipo Isevya, futi nne kwa sita. Nusu ndoo iliondoka yote, sakafu ikakauka kabla hatujamaliza chai. Nimelipa saba kati ya kumi. Tatu zimekatwa na mlango.